«Rezo iko mubaya»: lakini ni rezo gani?

Kila siku maneno ni yale yale: «rezo iko mubaya». Mama hawezi kutuma feza, mwanafunzi hawezi kufungua kazi ya shule. Lakini hilo neno «rezo» linabeba vitu vingi, na kila kitu kina mwenyewe. Kama hatuvitenganishi, tutalaumu kila mutu na hakuna atakayejibu.

Tuanze na vijiti. Vile vijiti tunaona juu ya telefone vinapima tu namna telefone inasikilizana na antena ya karibu. Havisemi kama nyuma ya antena njia iko wazi. Njo maana unaweza kuwa na vijiti vyote, na WhatsApp ikatae kufunguka. Tena, antena moja inagawanyia watu wote wa kartie. Magaribi, wakati wote wanaingia, kila mumoja anapata kidogo.

Nyuma ya antena kuna njia ndefu: mawimbi kutoka munara mupaka munara, ao waya za fibre, kisha mashini za kampuni, kisha kable za chini ya bahari. Inchi yetu ina pwani fupi, karibu kilomita 37 tu, na kable WACS inaingilia Muanda tangu mwaka 2013. Mwezi wa 8 mwaka 2023, udongo uliporomoka chini ya bahari, katika korongo la muto Congo, ukakata WACS na kable ingine, SAT-3. Siku kama ile, kulaumu antena ya kartie ni kugonga mulango wa jirani asiye na deni.

Kuna jaribio moja rahisi. Piga kodi ya kuangalia unite, ile inaanza na nyota. Kodi hiyo, wanaiita USSD, haipiti kwa intaneti. Kama inajibu, antena iko hai. Shida iko upande wa intaneti. Kama haijibu, pengine antena yenyewe imezimika.

Sasa mega. Forfe inapimwa kwa oktete, lakini mbio ya intaneti inapimwa kwa biti, na oktete 1 ni biti 8. Kampuni ikikuahidi «mega 10 kwa segonde», video ya mega 100 haitashuka kwa segonde 10. Itachukua segonde 80, na hapo ni kama uko peke yako kwenye njia. Kampuni inayotangaza «mega» bila kusema ni mega gani inajua inachofanya.

Haya si maneno ya maenjiniera peke yao. Mwaka 2020 ilikuja kodi ya RAM: dola 1 kwa mwaka kwa telefone ya 2G, dola 7 kwa ya 3G na kupanda. Wengi walijifunza maana ya «3G» siku unite zao zilipokatwa. Kelele za raia zilikuwa nyingi, na mwaka 2022 RAM ikafutwa.

Kuna pia kukatika kusiko na hitilafu yoyote. Tarehe 31/12/2018, kisha uchaguzi, intaneti na SMS zilifungwa karibu siku 20. Haikuwa kable, haikuwa umeme. Ilikuwa amri.

Wengine wanasema satelite itamaliza haya yote. Ni kweli Starlink haipiti kwa antena ya kartie. Lakini ARPTC, ofisi ya serikali inayosimamia kampuni za telefone, iliikataza mwezi wa 3 mwaka 2024, kisha ikaipa ruhusa mwezi wa 5 mwaka 2025. Hata ile ya juu mbinguni iko na mulango hapa chini, na ufunguo uko na mutu.

Kwa hiyo, ndugu musikilizaji, kesho ukilalamika usiseme tu rezo iko mubaya. Sema: «Tangu saa kumi na mbili za magaribi, kartie yetu yote, kodi inajibu, intaneti hakuna.» Lalamiko kama hilo, kampuni haiwezi kulijibu kwa «muvumilie kidogo».