BUSTANI YA NYUMBANI: Waridi la Jangwani Halitaki Kudekezwa

Mkulima wa Rombo, chini ya Mlima Kilimanjaro, ajua vema kwamba vitunguu na nyanya havistawi bila maji ya mfereji. Lakini desturi hiyo njema, ikihamishiwa kwenye chungu cha maua barazani, yaweza kuua.

Upo mmea wa nyika kavu za Kenya na Tanzania uitwao waridi la jangwani, kwa Kilatini Adenium obesum. Aliyeuandika kwanza ni mtaalamu Peter Forsskål, aliyefia Yemen mwaka 1763. Kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1775, na jina la Adenium latokana na mji wa Aden. Shina lake nene ndilo ghala ya maji. Wakati wa kiangazi hupukutisha majani, kisha huchanua maua ya rangi ya waridi hali matawi yangali matupu. Mwenye nyumba akiona majani yamepukutika hudhani mmea una kiu, akaujaza maji. Baada ya siku chache shina huwa laini, likaoza.

Atakaye maua na ayashike haya. Kwanza, chungu kiwe na matundu chini, na nusu ya udongo iwe mchanga wa chengachenga. Udongo mweusi wa Kitengela haufai peke yake, kwani hushika maji mno. Pili, asimwagilie mpaka udongo ukauke kabisa. Na katika miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, apunguze zaidi. Tatu, mmea ukae juani muda wa saa sita au zaidi kila siku. Nne, samadi isizidi, maana ikizidi huleta majani mengi na maua machache. Tano, baridi iishapo, akate ncha za matawi kwa kisu safi. Maua hutoka nchani. Kila tawi lililokatwa likichipua mawili, maua nayo huongezeka, na mmea hubaki mfupi.

Utomvu wake ni sumu kali, iliyotumiwa tangu zamani kupaka mishale. Basi mkataji anawe mikono kwa sabuni, na chungu kiwekwe mbali na watoto na mbuzi.

Wako watu wang'oao mimea mikubwa nyikani ili wapate maua upesi. Huo ni uharibifu: mmea uliokua miaka mingi hukatwa mizizi, ukafia ndani ya debe, na nyika ikabaki tupu. Afadhali kupanda mbegu. Huota kwa muda wa juma moja hivi zikiwa mpya, na mche uliotunzwa vema huweza kutoa maua baada ya mwaka mmoja au miwili. Tena shina la mche wa mbegu hunenepa vizuri kuliko la kipandikizi.

Subira yavuta heri. Mmea huu humlipa yule ajuaye wakati wa kuuacha.