Hoja za Walimu wa Kukiri Hazisimami

Fundisho hili mmelisikia kwenye mikutano ya injili na redioni: kinywa cha Mkristo huumba, ukikiri uzima unaupata, ukitamka ugonjwa umeuita. Huko Marekani E. W. Kenyon alilifundisha, Kenneth Hagin (1917–2003) akalieneza, nasi tukalipokea. Shahidi wao mkuu ni Biblia. Basi tumhoji shahidi huyo.

Wanaanza na Mithali 18:21, kwamba ulimi una uwezo wa kuua na kuhuisha. Andiko hilo naliamini lote. Lakini someni sura nzima: inahusu ugomvi, uchongezi, mtu anayejibu kabla hajasikiliza, na mdai anayeonekana ana haki mpaka mwenzake aje amhoji. Huo ni ulimi unaomgusa jirani. Nabothi, katika 1 Wafalme 21, alipigwa mawe kwa sababu watu wawili walimshuhudia uongo. Hakuwa amejitamkia mauti. Onyo kuhusu tunavyowatendea wengine limegeuzwa kuwa mbinu ya kujipatia gari na nyumba.

Hoja ya pili: Mungu aliumba kwa kutamka, sisi tuna mfano wake, kwa hiyo nasi huumba. Warumi 4:17 wanayoitegemea inamtaja Mungu, si Abrahamu, kuwa ndiye ayaitaye yasiyokuwapo. Na Maombolezo 3:37 inauliza ni nani asemaye neno likatimia, ikiwa Bwana hakuliagiza. Hoja imekufa hapo.

Iliyo na nguvu zaidi ni ile ya mwanamke Mshunami. Mwanawe amekufa, anaulizwa hali ya nyumbani, anajibu kwamba hawajambo, na mtoto anafufuka. Wanasema alishinda kwa sababu alikataa kutamka kifo. Endeleeni mistari miwili tu mbele. Jibu lile alimpa Gehazi, mtumishi. Alipomfikia Elisha alimshika miguu, na nabii mwenyewe akasema nafsi ya mama huyu ina uchungu. Naye akamlalamikia kwamba hakuwa ameomba mtoto, na kwamba alikwisha kumsihi asimdanganye. Kwa kipimo cha walimu wa kukiri, maneno hayo yangemharibia kila kitu. Mtoto alifufuka baada ya maneno hayo, Elisha alipojifungia chumbani akamwomba Bwana.

Eti kutaja ugonjwa ni kuupa haki ya kukaa. Paulo aliandika waziwazi kwamba alimwacha Trofimo mgonjwa huko Mileto, na kwamba Epafrodito aliugua karibu na kufa. Epafrodito alipona.

Sasa pimeni mkanganyiko wenyewe. Wanafundisha kwamba hii ni kanuni isiyokosea kwa anayetamka. Mgonjwa akikiri uponyaji hadi siku ya kufa kwake, wanawaambia wafiwa kwamba imani yake ilipungua. Wachague. Ikiwa nguvu imo katika tamko, wana wa Skewa walilitamka jina la Yesu, wakakimbia uchi na majeraha (Matendo 19). Ikiwa imo katika imani, Marko 11:22 inaielekeza kwa Mungu, naye yu huru kukataa, kama alivyokataa kumwondolea Paulo mwiba wake ingawa aliomba mara 3.

Wachungaji, acheni kumziba mgonjwa kinywa. Mwacheni amweleze daktari panapouma, na alieleze kanisa. Yakobo 5:14 inamwagiza awaite wazee wamwombee, na hawezi kuwaita bila kusema kwamba anaumwa.