Maleba ya Nyanya Zetu Yasishonwe kwa Kubahatisha

Katika tamasha moja la shule lililofanyika hapa Muhoroni, niliketi miongoni mwa walimu wenzangu nikiwatazama wasichana wakiingia jukwaani kucheza ngoma ya Kijaluo. Sauti zao zilikuwa tamu, nyayo zilikwenda sambamba na ngoma, na ukumbi ulijaa vigelegele. Lakini viunoni walikuwa wamevaa sketi za nyuzi nyeupe zilizofumuliwa kutoka katika magunia ya plastiki ya sukari, zikauzunguka mwili mzima mithili ya wale wachezaji wa visiwa vya Hawaii tunaowaona kwenye filamu. Mtangazaji alitufahamisha kwamba hayo ndiyo mavazi asilia ya nyanya zetu. Karibu nami alikuwapo ajuza mmoja aliyekuja kumtazama mjukuu wake. Alicheka hata akafuta machozi, kisha akauliza kwa upole, "Hawa ni watu wa wapi?"

Swali hilo halikunitoka. Vazi lililokusudiwa kuigwa ni chieno, ule mkia wa nyuzi uliofungwa kiunoni ukaning'inia nyuma. Haukuzunguka mwili, wala haukuwa pambo la kuchezea ngoma. Ulikuwa alama ya mwanamke aliyeolewa. Kwa hivyo, kosa la wasichana wale halikuwa la plastiki pekee. Walimu waliwavisha watoto wa darasa la saba hadhi ya wake za watu, na hakuna hata mmoja aliyewaeleza wanachokivaa. Je, tungewavisha pete za ndoa na shela ya bi harusi bila kuwaambia maana yake?

Kila tamasha la aina hii hufunguliwa kwa methali ile ile, kwamba mwacha mila ni mtumwa. Sina ugomvi na methali. Ninachouliza ni kama tunaijua mila hiyo kiasi cha kuweza kuiacha au kuishika.

Wako watu ng'ambo ambao wamelifanya jambo hili kuwa uraibu wao. Huko Uingereza, Marekani na kwingineko, wanawake wengi, na wanaume pia, hutumia saa zao za mapumziko kushona na kuvaa mavazi ya wanawake wa karne ya kumi na nane. Mtu asiyewaelewa atadhani ni mchezo wa watoto wakubwa. Lakini tazama wanavyofanya kazi. Kwa kuwa cherehani ilikuwa haijaenea duniani wakati huo, wengi wao hushona kwa mkono, sindano na uzi wa kitani. Husoma vitabu kama vile vya Janet Arnold, Mwingereza aliyeyapima magauni ya kale yaliyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho, akachora kila kipande na kila mshono. Kitabu chake cha kwanza cha aina hiyo kilitoka mwaka wa 1964. Huanza na shimizi ya kitani, kisha kizibao cha kuukaza mwili kilichotiwa vijiti vya matete, kisha mifuko inayofungwa kiunoni kwa utepe kama mkoba wa ndani, kisha sketi, na mwisho gauni lenyewe, ambalo aghalabu hufungwa kwa pini.

Na sindano hiyo huwafundisha mambo ambayo mwalimu wa historia hupata taabu kuyaeleza ubaoni. Mshonaji hugundua, kwa mfano, kwamba enzi hizo kitambaa kilikuwa ghali kuliko kazi ya fundi, ndiyo maana magauni yalifumuliwa na kushonwa upya mara kadhaa. Akitafuta kitambaa cha maua, hukutana na sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1721 iliyokataza kuvaa pamba iliyopakwa rangi na kuchapwa maua. Sheria hiyo iliwekwa kwa sababu wafumaji wa sufu na hariri walilia kwamba nguo za Bara Hindi zinawanyang'anya riziki, nayo haikuondolewa hadi 1774. Mwanafunzi wa Kisumu aliyeshuhudia wazazi wake wakibishana juu ya mitumba ya soko la Kibuye, huku wakikumbuka kiwanda cha nguo cha KICOMI kilichokufa, hahitaji kuelezwa mara mbili malalamiko ya wafumaji hao.

Sisi wa Muhoroni tunalo la ziada la kujifunza hapo, maana tunaishi kwa miwa. Yule bibi wa London aliyevaa hariri karne ya kumi na nane alitia chai yake sukari iliyolimwa na watumwa wa Kiafrika katika visiwa vya Karibi. Washonaji waaminifu hawalikwepi jambo hili. Katika mji wa Williamsburg, Virginia, ambao umehifadhiwa ufanane na ulivyokuwa zama za ukoloni wa Kiingereza, tangu mwaka wa 1979 Wamarekani weusi wamekuwa wakivaa na kuigiza maisha ya watumwa wa mji huo. Mwaka wa 1994 waliigiza hata mnada wa watumwa, jambo lililozua mabishano makali. Kwa hiyo, nguo nzito na duni ya mjakazi hushonwa kwa uangalifu ule ule wa gauni la bibi yake. Huo ndio uaminifu ninaoutamani katika shule zetu.

Nakiri kwamba kazi yetu ni ngumu zaidi. Nyanya wa karne ya kumi na nane hawakutuachia magauni kabatini. Walivaa ngozi, nyuzi na shanga, vitu ambavyo havidumu. Isitoshe, Muhoroni ni mahali pa mpakani. Darasani mwangu huketi Mjaluo, Mnandi, Mluhya na Mkisii, wengi wao wakiwa wajukuu wa watu waliokuja kulima miwa. Tukisema "nyanya zetu", tunamsema nani? Nadhani jibu ni kila mtoto amtafute wa kwake, naye Mnandi atuletee habari za mavazi ya ngozi ya milimani tunakokutazama kila asubuhi.

Wala si lazima tuanzie mbali. Reli ilipita hapa na kufika Kisumu mwaka wa 1901, na nguo za dukani zikaongezeka pamoja na misheni na mishahara. Wajaluo waliwaita wavaa nguo jo-nanga, na jina hilo pekee ni somo zima la historia. Kuna pia gomesi, vazi ambalo wanawake wa Uganda na wa upande wetu wa Busia hulivaa kwa fahari kama urithi wa kale. Jina lake latokana na Gomes, fundi Mgoa, na chimbuko lake huhusishwa na wasichana wa shule ya Gayaza mwanzoni mwa karne ya ishirini. Mabega yaliyotuna, vifungo viwili upande wa kushoto, mshipi mpana wa kiunoni: mwanafunzi anayelishona atagundua mwenyewe kwamba mila nayo ina fundi wake na tarehe yake.

Wazazi watauliza kuhusu staha. Ni haki yao. Hakuna anayemtaka msichana asimame jukwaani kifua wazi ili kuridhisha ukweli wa historia; avae fulana ya rangi ya mwili chini ya shanga, na mtangazaji aseme hivyo waziwazi. Wengine watalia gharama, ilhali makonge hupatikana bila shida, na mzee anayejua kuyasokota hadai zaidi ya heshima na kikombe cha chai. Mtaala wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, watoto walishona kwa mkono katika sayansi kimu, na wengi wetu tuliopitia hapo bado tunajua kupinda pindo. Ujuzi huo umelala mikononi mwa walimu wasioombwa kuutumia.

Ningependa basi kila shule inayoingia mashindanoni iunde chama kidogo cha maleba, cha wavulana na wasichana. Waende katika Jumba la Makumbusho la Kisumu lililofunguliwa mwaka wa 1980 wakaitazame ile boma ya Kijaluo iliyojengwa humo, kisha warudi kuwahoji ajuza wa vijijini na kuchora walichoambiwa kabla ya kukata chochote. Nao waamuzi, kabla ya kutoa alama za maleba, wamwite mchezaji mmoja wamwulize: vazi hili lilivaliwa na nani, lini, na nani aliyekwambia?

Yule ajuza aliyecheka ukumbini, kwa taarifa yenu, hukaa umbali wa dakika kumi kwa miguu kutoka shule ile.