BUSTANI YA CHUO ISIISHIE GETINI



Ukiingia katika vyuo vyetu vingi utakuta maua yamepangwa vizuri mbele ya ofisi ya mkuu wa chuo. Maua ni mazuri. Lakini mama anayepita nje ya geti na mzigo wa kuni kichwani, maua hayo yanamfaa nini? Bustani ya chuo ni jambo la afya, nayo ipimwe kwa kile kinachoota vijijini.

Tumtazame Profesa Wangari Maathai wa Kenya. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati. Alifundisha hapo elimu ya viungo vya wanyama. Alipokuwa akichunguza kupe wanaoleta ndigana kali, aliona vijijini ng'ombe waliokonda kwa kukosa majani, na mito iliyojaa matope. Kina mama nao walilalamika kwamba kuni zimekuwa mbali. Kuni zikiadimika, mama huacha kupika maharage yanayotaka moto mrefu, akawapa watoto vyakula vya haraka visivyojenga mwili. Hivyo ukosefu wa miti huleta utapiamlo.

Tarehe 5 Juni 1977, yeye na wenzake walipanda miti 7 Nairobi. Huo ndio mwanzo wa Green Belt. Wataalamu wa misitu walidhani kuotesha miche ni kazi ya wenye stashahada. Yeye aliwaambia kina mama watumie ujuzi ule ule wanaooteshea mahindi na maharage, hata katika makopo mabovu. Walilipwa fedha kidogo kwa kila mche ulioshika. Alipofariki mwaka 2011, akiwa na Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004, miti iliyopandwa ilikwisha kufikia makumi ya mamilioni.

Sisi wa Shinyanga tunayaelewa haya. Miti yetu ilifyekwa ili kuua mbung'o na kulima pamba, hata watu wakaanza kuzungumza habari za jangwa. Mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulifanikiwa kwa sababu wananchi walirudisha ngitili, utaratibu wa wazee wetu wa kutunza malisho. Mtaalamu alipokubali kujifunza kwa mfugaji, miti ilirudi.

Kwa hiyo, kila chuo cha ualimu, cha uuguzi na cha maendeleo ya wananchi kiwe na kitalu cha miti ya kuni na matunda, pamoja na matuta ya mchicha, matembele na kunde. Mboga hizi na mapapai huwalinda watoto wetu na upungufu wa vitamini A. Mwanafunzi anapokwenda likizo abebe miche 5 na vipando vya matembele. Akirudi, aeleze mingapi imeshika, na iliyokufa imekufa kwa nini.

Huenda mtu akasema maji ni haba. Ni kweli. Basi tuanze na kitalu kidogo, tutumie maji yaliyooshea mboga na mchele, na miche itoke mvua zinapoanza.

Kwa ndugu zetu wa machimbo ya Geita kuna onyo. Usilime mboga mahali dhahabu inapooshwa kwa zebaki, wala usimwagilie kwa maji ya hapo. Usichome zebaki nyumbani, kwani moshi wake ni sumu. Zebaki hudhuru ubongo wa mtoto hata akiwa bado tumboni. Bustani iwe mbali na hapo, tena iwe upande wa juu wa mkondo.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitufundisha kwamba choo bora si kazi ya daktari peke yake. Na bustani ni vivyo hivyo. Mkuu wa chuo, mgeni akija usimwonyeshe maua tu. Mpeleke kijijini ukamwonyeshe mpapai uliotoka chuoni kwako.