Kuliondoa Ombi la Urafiki Lisilojibiwa



Juma hili napenda tutafakari jambo linaloonekana dogo, hata la kuchekesha, lakini ambalo limewaumiza watu wengi kuliko wanavyokubali kusema. Mtu amemtumia mwenzake ombi la urafiki katika Facebook. Siku zinapita, miezi inapita, na jibu hakuna. Ombi halikukubaliwa wala halikukataliwa. Lipo tu, likingoja. Ndipo mwombaji anapojiuliza: je, niliondoe? Na nikiliondoa, nitakuwa nimejistahi au nitakuwa nimekosa adabu?

Tuanze na mambo yalivyo. Facebook ilianzishwa mwaka 2004, na mwaka 2009 ikaanza kupatikana kwa Kiswahili. Aliyetuma ombi anaweza kuliondoa wakati wowote kabla halijakubaliwa, na mwombwa hapelekewi taarifa kwamba limeondolewa. Vivyo hivyo mwombwa anaweza kulifuta kimyakimya pasipo mwombaji kuarifiwa. Lakini tusidhani kwamba ukimya huo unafuta kila kitu, kwa maana huenda mwombwa alikwisha kuliona ombi siku lilipofika, na akiliona halipo tena atajua nani alikuja na nani ameondoka. Mtandao wa LinkedIn umeweka hata sharti: anayeondoa mwaliko wake huzuiwa kumtumia mtu yuleyule mwaliko mwingine kwa muda unaoweza kufika wiki tatu. Sharti hilo lina hekima, kwani humzuia mtu asiufanye mlango wa mwenzake kuwa mahali pa kuchezea, leo anabisha, kesho anakimbia, kesho kutwa anabisha tena.

Jambo la pili ni kwamba kimya si tusi. Sababu zake ni nyingi. Facebook hairuhusu ukurasa wa mtu binafsi kuwa na marafiki zaidi ya 5,000, hivyo wapo watu ambao hata wangependa kukukubali hawana nafasi. Wapo waliosahau neno la siri na kuiacha akaunti yao ikae kama nyumba isiyo na mtu. Wapo waliobadili simu, walioishiwa bando, na wanaoishi mahali ambapo mtandao hupatikana kwa kupanda kilimani. Wapo pia wanaoogopa matapeli, kwa kuwa wamewahi kuona jina na picha ya mtu wanayemfahamu vikitumiwa na mwizi kuomba fedha. Anayekihesabu kimya cha watu wote hawa kuwa dharau hujitengenezea maadui ambao hawajui kwamba wao ni maadui.

Wahenga wetu walilijua suala hili kabla ya simu. Mgeni hupiga hodi akiwa nje. Hupiga ya kwanza, hupiga ya pili, hupiga ya tatu. Asipoitikiwa huenda zake, wala hakuna anayesema kwamba amefukuzwa au kwamba ana kiburi. Kusimama mlangoni kutwa nzima si uvumilivu bali ni kumlemea mwenye nyumba, na kuchungulia dirishani ni vibaya zaidi. Hodi ina heshima kwa sababu inamwachia aliye ndani uhuru wake. Ombi la urafiki nalo ni hodi. Kama kweli lilikuwa ombi wala si amri, basi aliyeombwa alikuwa na haki ya kutojibu, na aliyeomba ana haki ya kuondoka.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kuliondoa ombi lisilojibiwa si dhambi wala si utovu wa adabu. Aliyemwomba mtu asiyemfahamu vema, aliyesoma naye zamani, au mtu mashuhuri aliyevutiwa na maneno yake, na aliondoe kwa moyo mweupe. Lakini asiliondoe ili kulipiza, wala kwa matumaini kwamba mwenzake ataona na kuumia. Kidole kinachobonyeza kwa hasira hakijaondoa kitu. Ombi limetoka katika simu lakini kinyongo kimebaki moyoni, nacho ni kizito kuliko ombi.

Hata hivyo, si kila ombi ni hodi ya mgeni. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Katika milima yetu ya Uluguru mtu hazaliwi akiwa peke yake. Huzaliwa ndani ya ukoo wa mama yake, na pamoja na ukoo hurithi watani. Mwanaanthropolojia James B. Christensen aliandika mwaka 1963 juu ya utani wa Waluguru, akaeleza kwamba ndani ya mizaha ile mna wajibu wa kweli kati ya watu. Kila mzee wetu anajua hivyo: mtani anayekucheka leo ndiye utakayemwona msibani kesho akifanya kazi. Hakuna aliyewahi kumtumia mtani ombi, wala hakuna mahali pa kubonyeza ili utani uondoke. Basi tuna mahusiano ya namna mbili: yale tunayoyaomba, na yale tuliyopewa. Ya kwanza yanaweza kuondolewa ombi. Ya pili hayawezi, kwa kuwa hayakuanza kwa ombi.

Tuchukue mfano wa ndugu wawili, watoto wa mama mmoja, waliokosana juu ya shamba la ukoo kule Mgeta. Mmoja amebaki mlimani akilima kabichi na njegere. Mwingine anaishi Dar es Salaam. Tangu mazishi ya mama yao hawasemeshani. Usiku mmoja yule wa mjini anaona picha ya kaka yake katika Facebook, moyo unamlainika, anatuma ombi la urafiki. Miezi sita inapita bila jibu. Anaona aibu, anasema: nimejishusha mbele yake naye amenipuuza, naliondoa, na sasa yamekwisha.

Ndugu yangu, hayajaisha. Ulichotuma hakikuwa ombi la urafiki, kwa maana kaka yako hakuwahi kuwa mgeni kwako. Ulikuwa unaomba amani, ila uliivalisha nguo ndogo isiyoitosha. Huenda kaka alipoliona alijiuliza: baada ya maneno yale yote, ananitumia hiki tu? Ukitaka kuliondoa ombi hilo, liondoe, lakini liondoe ili uweke kitu kikubwa zaidi mahali pake. Mtangulize mjomba, kwa kuwa kwetu mjomba ana sauti mbele ya watoto wa dada yake. Kisha panda mwenyewe. Tangu Juni 2024 treni ya SGR hukufikisha Morogoro kutoka Dar es Salaam kwa muda usiofika saa mbili, na gari la Mgeta lipo. Bwana wetu alifundisha kwamba anayekumbuka madhabahuni kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale na kwenda kwanza kupatana. Alisema aende. Miguu yake na uso wake vilihitajika.

Papa Benedikto wa 16, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni ya mwaka 2009, aliusifu urafiki unaoweza kukuzwa kwa vyombo vipya, lakini akaonya tusiushushe thamani urafiki wenyewe, wala tusiutafute mtandaoni kwa gharama ya familia na majirani tunaokutana nao kila siku. Onyo hilo lina miaka mingi, lakini mfano wa ndugu hawa wawili unaonyesha kwamba bado linatuhusu.

Neno la mwisho ni kwa wanaowaacha wenzao mlangoni. Kama hutaki, futa ombi; si vibaya, nao ni uaminifu. Kama unataka, itikia. Lakini ukijua kwamba anayebisha ni ndugu yako, au rafiki uliyemkosea, au aliyekukosea na sasa anatafuta njia ya kurudi, usimpime kwa miezi ya kimya ili ajue uzito wako. Yaweza kuwa imemgharimu mwaka mzima kubonyeza mara moja. Siku akiliondoa ombi lake hutapewa taarifa.

Basi juma hili tufungue orodha ya maombi tuliyotuma na ya wale wanaotungoja. Ya wageni tuyaondoe au tuyajibu kwa amani. Ya ndugu tusiyaachie simu.