Kisanduku cha Funguo Hakijengi Ukuta

Wasee, naandika hii nikijua wengine mtaacha kunifuata. Sawa tu.

Zile video zenu za "paradiso iliyofichika Italia", zile za Cinque Terre zenye nyumba za rangi juu ya mwamba na mtu anakula aiskrimu akitazama bahari, mimi sina noma na rangi wala na aiskrimu. (Iliyofichika aje na treni zinashusha watu kutwa nzima? Hiyo tuiache.) Noma yangu iko pale mwisho: "linki ya mahali nililala iko kwenye wasifu wangu." Unabonyeza. Unapata fleti ya mtu asiyeishi hapo. Mlangoni kuna kisanduku cha chuma chenye namba za siri, unatoa funguo mwenyewe, unalala, unarudisha, unaenda zako. Umekaa kijijini siku tatu na hujasalimiana na mtu hata mmoja wa hicho kijiji. Halafu unatuambia uliishi "kama mwenyeji." Mwenyeji gani sasa?

Mimi nililala Corniglia, mwezi wa Aprili, na rafiki yangu. Kati ya vile vijiji vitano, Corniglia ndicho cha katikati na ndicho pekee ambacho hakijashuka hadi majini. Treni inakuacha chini, halafu unapanda ngazi karibu 380 na sanduku lako mkononi, ama ungoje kibasi. Tulilala kwenye gesti ya vyumba vinne. Najua gesti na lojing zina jina baya kwetu, mtu akisikia anacheka kando. Kule ni biashara ya heshima, wanaiita affittacamere, yaani mtu anayekodisha vyumba, na mara nyingi ni nyumba ya familia yenyewe. Mwenye yetu ni mama wa rika la shosho yangu. Anaishi chini, wageni juu. Tulilipa euro 90 kwa usiku, sisi wawili, pamoja na chai ya asubuhi. Chai nasema tu, ni kahawa na mikate mitamu.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuchukua paspoti zetu. Rafiki yangu akakunja uso: ati ni kwa sababu sisi ni weusi? Hapana. Wale mabwana na bibi kutoka Torino waliokuja nyuma yetu pia walitoa vitambulisho vyao. Sheria ya Italia ya mwaka 1931 inamtaka kila anayelaza wageni kuwaandikisha kwa polisi, na siku hizi anatuma majina mtandaoni ndani ya saa 24. Andikeni hiyo kwenye video zenu, itasaidia mtu asianze vita mlangoni. Wale wa visanduku walikuwa wanaomba tu picha ya paspoti kwa simu. Novemba 2024 Wizara ya Mambo ya Ndani ikatoa waraka kwamba mgeni lazima atambuliwe uso kwa uso, na wenye fleti wakakimbia kortini. Fikiria hapo kidogo: mtu anaenda kortini ili asilazimike kumsalimia mgeni wake.

Asubuhi ya pili tulikuwa tumevaa raba, tayari kutembea hadi Vernazza kwa ile njia ya milimani. Usiku ulikuwa umenyesha. Signora akatuona mlangoni, akatingisha kidole, akasema leo hakuna kwenda. Njia imefungwa. Tukakaa jikoni kwake, na kwa Kiingereza chake kidogo na mikono mingi akatueleza habari ya kuta.

Hapa ndipo nataka mnisikilize. Ile milima mnayopiga picha haikuumbwa hivyo. Ni matuta, yamejengwa kwa mawe makavu bila simiti, mkono kwa mkono, kwa karibu miaka elfu moja, ndio zabibu zipate mahali pa kusimama. UNESCO ilipoweka mahali hapo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997, haikufanya hivyo kwa sababu ya rangi za nyumba peke yake. Ilikuwa pia kwa hizo kuta na watu wanaozishikilia. Ukuta wa aina hiyo unataka mtu kila mwaka. Jiwe limeanguka leo, unalirudisha leo. Vijana wakihamia La Spezia au Genova, jiwe linabaki chini, linafuatwa na la pili, maji yanapata njia na udongo unateremka.

Tarehe 25 Oktoba 2011 ilinyesha mvua isiyo ya kawaida. Monterosso na Vernazza zikajaa tope. Barabara kuu ya Vernazza, ile ile ya aiskrimu yenu, tope lilipita milango ya maduka. Watu walikufa. Mvua ilikuwa kubwa mno, sikatai, lakini matuta yaliyoachwa bila mtu yaliongeza mzigo. Na tope lilitolewa na wenyeji pamoja na watu waliokuja kujitolea. Kisanduku cha chuma hakishiki koleo. Kijana wa hapo akitaka kupanga nyumba kwao, anakuta wageni wa usiku mbili mbili wanalipa kuliko yeye anavyoweza kulipa kwa mwezi mzima, basi anaondoka. Ukuta nao utarudishwa na nani?

Kuna mtu tayari anaandika, "Lakini gesti hazina lifti, maji moto yanakuja polepole, intaneti ni ya kubahatisha." Kweli yote. Yetu ilikuwa na ngazi nyembamba kama ya mnara, na signora aligomba tulipoacha mchanga bafuni. Niligombezwa vizuri. Ukitaka lifti, La Spezia iko na hoteli.

Na mwingine atasema sisi Wakenya tumehangaika sana kupata hiyo viza, tuachwe tulale tunapotaka. Hapo ndipo nakasirika kabisa. Ada ya viza ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, hairudishwi hata ukikataliwa. Bima ya kuanzia euro 30,000. Taarifa za benki. Ushahidi wa mahali utalala. Mwitaliano anayekuja Malindi anajaza fomu kwenye simu, analipa dola 30, kwisha. Sasa wewe umepita moto wote huo, umefika, halafu pesa yako unaitumbukiza kwenye kisanduku?

Halafu sisi si wageni wa hii hadithi. Waitaliano wako Malindi tangu enzi za kituo cha anga cha San Marco, miaka ya 1960. Signora hakujua Nairobi iko upande gani, lakini alijua Malindi na Watamu na akatuambia "jambo" kama mtu aliyelipia darasa. Waulize waliokulia huko, wale wanaobishana bei kwa Kiitaliano tangu wakiwa watoto. Wanajua vile inakaa kuishi kando ya majumba yanayofungwa miezi mingi ya mwaka, mlinzi peke yake getini. Hiyo hawahitaji kuelezwa na video.

Kama unaenda, tangu Januari 2025 kila mahali pa kukodisha Italia panatakiwa kuonyesha namba ya usajili, CIN, kwenye tangazo na mlangoni. Lakini fleti ya kisanduku pia inaweza kuwa nayo, kwa hivyo haitoshi. Kabla ya kulipa, andika swali moja: "Anche Lei abita lì?" Yaani, na wewe unaishi hapo? Wasiojibu, ruka. Signora alitujibu baada ya siku tatu, mistari miwili, bila picha, na barua yake ndiyo tuliyoambatisha kwenye fomu za viza.