Mashine ya Kahawa ya Kapsuli: Ina Haja Kuwemo Kwenye Vyombo vya Biharusi?



Msimu wa harusi ukikaribia, orodha za vyombo huanza kupita mkono kwa mkono. Zamani orodha iliishia kwenye masufuria, masinia, chupa za chai na seti mbili za vikombe. Siku hizi kuna blenda, kuna maikrowevu, na sasa ameingia mgeni mwengine: ile mashine ndogo ya kahawa ambayo unatia kapsuli moja, unabonyeza kitufe, na kahawa ya kikombe kimoja inatoka na povu lake juu. Picha zake zinapendeza, hatukatai. Lakini rai yetu, kwa biharusi anayeanza maisha hapa visiwani, ni kwamba mara nyingi haifai kununuliwa, na hasa haifai kununuliwa kwa pesa za mahari. Sababu zetu si zile zinazotajwa sana.

Wengi huogopa umeme. Wanaona kwenye boksi imeandikwa wati 1,200 au 1,500, wanasema tukuza itakwisha kabla ya wiki. Hofu hiyo ina makosa. Mashine hii huwaka kwa muda mfupi tu. Ikila wati 1,400 kwa dakika moja na nusu, yuniti moja inatoa vikombe zaidi ya 20. Birika la umeme unalochemshia maji ya chai ya nyumba nzima halina tofauti kubwa nayo. Suala la umeme ni jengine: ukikatika, huna kahawa. Waliokuwa watu wazima mwishoni mwa mwaka 2009 wanaikumbuka ile miezi mitatu Unguja ilipokaa gizani, na wanakumbuka pia kwamba kahawa haikukosekana, kwa sababu jiko la mkaa halina waya.

Hesabu yenyewe iko kwenye kapsuli. Kapsuli ndogo ya aina ya Nespresso ina kahawa gramu 5 au 6 tu. Kwa hiyo kilo moja ya kahawa ni sawa na kapsuli 180 hivi. Fanya hivi unapokuwa dukani: chukua bei ya pakiti ya kapsuli 10, izidishe mara 18. Jibu utakalolipata ndilo unalolipia kilo ya kahawa. Kisha uliza bei ya kilo ya kahawa nzuri ya kusaga ya Kilimanjaro au ya Mbinga, uziweke bei hizo mbili pamoja. Hatukuandikii tarakimu za shilingi hapa kwa sababu zinapanda na kushuka, lakini fanya hesabu hiyo kabla hujatoa pesa, na uifanye mbele ya bwana harusi, maana yeye ndiye atakayeulizwa pesa za pakiti kila mwezi. Mke na mume wanaokunywa vikombe viwili kila mmoja kwa siku wanahitaji kapsuli 120 kwa mwezi. Hizo ni pakiti 12, na wageni bado hatujawahesabu.

Na wageni ndio penye mambo. Mashine hii ilibuniwa kwa mtu mmoja na kikombe kimoja. Mhandisi Eric Favre wa Nestlé alianza kuifikiria miaka ya 1970, na Nespresso ikaingia sokoni mwaka 1986. Wateja wake wa mwanzo walikuwa maofisini: mfanyakazi anasimama, anajaza kikombe chake, anarudi mezani. Nyumba zetu hazinywi kahawa namna hiyo. Mamamkwe anakuja na wifi zako watatu na jirani mmoja waliyekutana naye njiani. Unatia kapsuli, unasubiri, unatoa, unatia nyengine. Ukifika kikombe cha tano, cha kwanza kimeshapoa, na wewe biharusi mgeni umesimama jikoni ukiwapa mgongo watu waliokuja kukuona. Dele moja ingekwishajaza vikombe vyote, ukakaa nao mkala haluwa. Tena hao wazee hawanywi kikombe kimoja. Vikombe vyetu ni vidogo makusudi, ili mtu aongezewe, na kule kuongezewa ndiko kukirimiwa kwenyewe.

Ladha nayo ina neno lake. Kahawa ya kwetu ni chungu, nyeusi, na akipenda mwenye nyumba inatiwa tangawizi au iliki iliyotwangwa siku ile ile. Kapsuli imezibwa kiwandani, huwezi kuitia kitu. (Na tafadhalini, msijaribu kutia iliki kwenye tangi la maji. Inaziba.)

Tukiwa kwenye tangi la maji, hapa tunataka mtusikilize vizuri, kwa sababu wauzaji hawalisemi. Kisiwa chetu kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, na maji ya visima vyetu vingi yamebeba chokaa. Angalia ndani ya birika lako la umeme: ule ukoko mweupe ndio huo. Kwenye birika unaukwangua tu. Ndani ya mashine ya kahawa kuna mirija myembamba sana, na maji yanasukumwa kwa nguvu kubwa kupita humo. Chokaa ikishika, kahawa inatoka kwa matone, halafu haitoki kabisa. Kuna dawa maalumu ya kuisafishia, nayo inanunuliwa. Mwenye mashine hii hapa kisiwani anapaswa kutumia maji ya chupa au yaliyochujwa, na hiyo ni gharama nyengine ambayo haimo kwenye bei ya boksi.

Tusiwe wakali kupita kiasi. Wapo ambao mashine hii inawafaa kweli. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku, au mwalimu anayeondoka kabla jua halijatoka na hana mtu wa kumkorogea chochote, kikombe kimoja cha haraka kina thamani kwake. Wakati wa daku pia, nyumba ya watu wawili, kinarahisisha. Na kwa mwanamke mjamzito, ambao wengi wenu mtakuwa nao wakati huo mapema inshaallah, kapsuli ina faida moja ya haki: kipimo hakibadilikibadiliki. Huduma ya afya ya Uingereza inamshauri mjamzito asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, na kapsuli ndogo ya kawaida huwa na miligramu 60 hivi. Ukiwa na dele lililochemka nusu saa, huwezi kujua umekunywa ngapi. (Msisahau kwamba chai nayo inahesabiwa humo humo.)

Lakini huyo muuguzi anainunua kwa mshahara wake, baada ya kuona kwamba anaihitaji. Biharusi hajajua bado. Hajui mume anakunywa kahawa saa ngapi, hajui wageni wa ukweni ni wangapi. Hapo ndipo tunapokuwa wazito. Mahari ni mali yako, Surat An-Nisaa imeliweka wazi jambo hilo tangu aya ya 4, na haifai mtu kukusukuma uyamalize kwenye kabati la vyombo ili picha zako zifanane na za fulani. Tumeona mashine hizi katika nyumba kadhaa zimefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake pamewekwa chombo cha maua. Pakiti ya kwanza ya kapsuli ilikwisha, ya pili haikununuliwa. Kisha huyo huyo biharusi anakopa nauli kwa dada yake. Sisi tunaiona hiyo ni israfu, hata kama kila aliyeingia ndani aliisifia mashine.

Na kapsuli zilizotumika zinakwenda wapi? John Sylvan, Mmarekani aliyebuni kapsuli za Keurig, aliwaambia waandishi mwaka 2015 kwamba wakati mwengine hujuta kuzibuni, na kwamba yeye mwenyewe nyumbani hana mashine hiyo. Mwaka uliofuata mji wa Hamburg, Ujerumani, ulikataza kununua kahawa ya kapsuli kwa pesa za serikali ya mji kwa sababu ya taka zake. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, mapema kuliko nchi nyingi, kwa sababu tunajua jaa letu halina pa kutanukia na pwani yetu iko hapo hapo. Kapsuli 120 kwa mwezi kutoka nyumba moja ya watu wawili ni taka nyingi mno kwa kinywaji ambacho mabaki yake, kikipikwa kwenye dele, ni unga wa kumwagia miche.

Basi ununue nini ukiwa unapenda kahawa nzito yenye nguvu, tofauti na ya dele? Kuna birika la kahawa la Kiitaliano, la alumini, vipande viwili vinavyofungwa katikati kwa kuzungusha. Lilibuniwa mwaka 1933 na halijabadilika sana. Unatia maji chini, kahawa ya kusaga katikati, unaliweka juu ya jiko la gesi kwa moto mdogo, na kahawa inapanda juu yenyewe. Halina waya wala kapsuli, na kinachoharibika ni pete ya mpira tu, ambayo inabadilishwa. Lipo la vikombe vitatu na lipo la sita. Hilo na dele la shaba, ukipewa na bibi yako au ukilinunua Darajani, vinatosha nyumba ya mtu mwenye wageni.

Na kama mashine imeshakuja, imetumwa na shangazi wa Maskati au khalati aliye Marekani, shukuru na umuombee dua, wala usimwambie tuliyoyaandika hapa. Kabla hujaichomeka, geuza chini usome volti. Ya kutoka Omani itakwenda na umeme wetu na hata plagi ni ile ile ya vidole vitatu. Ya kutoka Marekani huwa ni ya volti 120, na ukiichomeka hapa moja kwa moja itaungua siku hiyo hiyo. Halafu tazama inakula kapsuli za aina gani, kwa sababu za aina moja haziingii kwenye nyengine, na umuulize shangazi kwa adabu ni nani atakayezileta pakiti hizo zikiisha.